Unga wa Siku Moja

Usiku ule nililala nimeshiba, na watoto wangu wameshiba, nikajinyoosha mkekani huku nikijisifu kimoyomoyo. Nilijiona nimelishinda duka. Bei zilikuwa zimepanda mpaka muuza duka wa mtaani kwetu akafuta kibao chake cha chaki. Ukimuuliza unga wa sembe ni kiasi gani anainamisha kichwa na kukutajia kwa sauti ya chini, kama mtu anayekupa habari za msiba. Wengine walikuwa wanatoka dukani wanalia. Mimi nilikuwa nimeacha kwenda.

Jina langu ni Somoe. Tunaishi Newala, juu kwenye uwanda, nyumba sita zinazotazamana kwenye uwanja mmoja. Mume wangu alikuwa ameshuka pwani kutafuta kibarua, nikabaki na Shufaa wa miaka kumi na miwili na Hamisi wa miaka mitano. Nilipoona mambo yamekaza nikasema, haya, nitarudi kwenye jiko la Bibi Esha, mama yake mama, aliyenilea na kufariki miaka tisa nyuma. Yule bibi hakutupa kitu. Chicha ya nazi aliikamua mara ya tatu mpaka ikabaki nyuzi. Maganda ya kunde aliyachoma, majivu yake akayachuja, akapata magadi ya kulainishia kisamvu. Ukoko uliolowekwa usiku ukawa chakula cha asubuhi. Vyote hivyo nilivirudisha nyumbani kwangu, na naapa vilitufaa.

Kisha nikafika kwenye muhogo mchungu.

Muhogo mchungu huku kwetu haukosekani, hata nguruwe pori anaukwepa, kwa hiyo ni rahisi kuupata hata mwaka wa shida. Bibi alikuwa na utaratibu wake. Aliumenya, akauvundika chini ya majani mpaka ukaota ukungu, akaukwangua, akaupasua, kisha akauanika juu ya uchanja wa miti majuma mawili, mpaka kipande kikivunjwa kinalia ko! Hapo ndipo alipokiita kopa, na hapo ndipo kinu kilipotolewa. Ukimwambia una njaa anakwambia kanywe maji.

Mimi sikuwa na majuma mawili. Nilikuwa na watoto wawili. Nikautwanga ungali mbichi, nikaukamua kwa kitambaa, nikautandaza juu ya bati kuukuu lililokuwa limelala nyuma ya choo. Bati likishika jua la mchana huwezi kuligusa. Asubuhi muhogo, jioni unga, usiku ugali mweupe unaovutika. Majirani walipoona wakaja mmoja mmoja, na mimi sikuwa mchoyo wa maarifa. Nikawafundisha wote watano. Wakanibatiza jina la Mama Bati, nami nikalipenda.

"Mgaagaa na upwa hali wali mkavu," niliwaambia.

"Upwa gani, Somoe? Sisi tuko mlimani," alinijibu Mama Bakari, akacheka mpaka akashika ubavu.

Huyu Mama Bakari alikuwa wa mlango wa tatu. Bei zilimbana kuliko sote; hakuwa na mume wa kumsubiri wala shamba la kukimbilia, ana mtoto wake mmoja tu, Bakari. Sisi wengine siku mbili tatu tulipata kunde au dagaa wa kuchanganya. Yeye asubuhi ulikuwa uji wa bati, mchana ugali wa bati, usiku ugali wa bati, na kisamvu cha chumvi. Kila akipita mlangoni kwangu alikuwa ananiombea pepo. "Wewe ndiye serikali yetu," ananiambia, nami navimba kichwa.

Jioni ya siku ile Hamisi alisema kizunguzungu kimemshika, akaenda nyuma ya choo akatapika. Nikamwambia Shufaa muhogo umemlevya tu. Ndivyo tunavyosema huku, na tunacheka, na mtoto analala anaamka mzima.

Shufaa hakucheka. "Mama, kwani Bibi Esha naye alikuwa anaanika siku moja?"

"Bibi Esha alikuwa na nafasi. Sasa kalale."

Nilimjibu kwa hasira, na hasira ile nililala nayo.

Sikumbuki kupitiwa na usingizi. Nakumbuka jua. Ni saa sita ya mchana, uwanjani kwetu, lakini hakuna mtu, hakuna hata kuku, na milango sita yote imefungwa. Mwanamke ameinama juu ya bati langu. Amevaa kanga mbili zilizopauka, ameifunga moja kifuani kama mtu aliye kazini, na kabla hajageuka nimeshamjua kwa visigino. Visigino vya Bibi vilikuwa na mipasuko ambayo tukiwa wadogo tuliihesabu.

Anachota unga wangu kwa kiganja, anaunusa. Anauacha udondoke. Anachota tena.

Nilitaka kumkimbilia. Nilikuwa sijamwona miaka tisa, na jamani, nilimpenda bibi yangu kuliko ninavyoweza kueleza. Lakini miguu ikawa mizito, na moyo ukaniambia subiri. Bibi siku zote aliniita mke mwenzangu. Ndio utani wetu, babu akiwa hai na babu akiwa kaburini. Hata siku anakata roho aliniita mke mwenzangu. Sasa amegeuka, ananitazama usoni, na anasema:

"Somoe."

Nikaogopa. Sikuwahi kulisikia jina langu kinywani mwake.

Halafu hatuko uwanjani, tuko jikoni, na sikuona tukiingia. Ugali uko kwenye sinia, unatoa moshi, mweupe kuliko nilivyowahi kuupika. Nimeketi upande mmoja na watoto wangu, yeye yuko upande wa pili. Tangu utotoni tumeonywa kwamba marehemu akikulisha ndotoni usifungue mdomo, maana anayekula amekubali kufuatana naye. Nikaubana mdomo wangu. Nikawaziba na watoto midomo, mkono huu kwa Shufaa, mkono huu kwa Hamisi, nikingoja amege tonge atunyooshee.

Hakumega. Alilivuta sinia taratibu, akaliweka nyuma ya mgongo wake, akakaa mbele yake kama mtu anayezuia mlango.

Hapo woga wangu ukageuka hasira. Hata ndotoni mimi ni yule yule. Nikamwambia, "Bibi, watoto wana njaa. Napika kama ulivyonifundisha."

"Sikukufundisha hivi," akasema.

Na jiko likapanuka. Ukuta wa nyuma haupo tena, ninaona bonde, najua ni bonde la kwao kuelekea mto Ruvuma, ingawa nilipokwenda mimi lilikuwa na mikorosho na sasa halina. Mashamba ni makavu. Uchanja wa kuanikia makopa uko mtupu. Kwenye kibaraza cha nyumba ya udongo msichana wa umri wa Shufaa anatwanga, na anatwanga kwa pupa, na kinachorukaruka kutoka kinuni si unga mkavu bali ni majimaji meupe. Anautwanga muhogo mbichi. Kila baada ya mapigo machache anatazama njia, kama anaogopa mtu mzima atarudi amkute.

Kando yake kuna mtoto wa kike anacheza. Anarukaruka kwa mguu mmoja, anazunguka kinu, anaimba maneno yasiyo na maana, anaanguka, anainuka, anacheka. Sijui nilimtambuaje, maana sikuwahi kumwona akiruka. Alikuwa Bibi Tatu.

Inabidi nimweleze Bibi Tatu. Alikuwa mdogo wake Bibi Esha, waliishi pamoja mpaka uzee, na mimi nimekulia mikononi mwao wawili. Alitembea kwa fimbo mbili. Magoti yake yaligongana, nyayo zake hazikugusa chini kwa kisigino, alikwenda kwa ncha za vidole, na umbali wa kutoka mlangoni hadi chooni ulimtoa jasho. Tuliambiwa kwamba alipokuwa mdogo alipigwa na jini la kisimani. Bibi Esha alipoposwa alisema haolewi bila mdogo wake, na babu alikubali kuwachukua wote. Kila jioni Bibi Esha alimwosha miguu kwa maji ya moto, mwenyewe, hakuruhusu mtu mwingine aishike. Watu walimsifu kwa upendo wake. Akisifiwa alikuwa anaondoka barazani.

Sasa ninamwona Bibi Esha akiwa msichana, ameinama na tonge mkononi, anampulizia lipoe, anamwekea mdogo wake mdomoni. Nikapiga kelele. Kelele haikutoka. Nikajaribu kwenda, bonde likawa linarudi nyuma kadiri ninavyosogea. Mtoto akala, akataka tena, akapewa tena. Jua lile lile likawa la siku nyingine, na nyingine, tonge juu ya tonge, na kila siku msichana anatwanga kwa haraka zaidi na mtoto anaruka kidogo zaidi, mpaka siku moja kinu kikanyamaza.

Ni asubuhi. Mtoto amekaa kwenye kitanda cha kamba. Anajitazama kuanzia magoti kwenda chini, kwa mshangao, wala halii. Anamwita dada yake, anamuuliza:

"Dada, nani ameishika miguu yangu?"

Bibi mzee amesimama ubavuni kwangu. Nasikia pumzi yake. Hatazami kitandani, anatazama ardhi.

"Mama alikwenda kutafuta chakula ng'ambo," akasema. "Aliniachia muhogo juu ya uchanja. Akaniambia, usiuguse mpaka nirudi."

Nikangoja aendelee. Upepo wa lile bonde ukawa unapita katikati yetu.

"Wakasema jini. Nikaacha waseme."

Nililia. Hata sasa nikisimulia machozi yananilengalenga, kwa sababu nilikuwa nimeishi na siri ile nyumba moja, nimelala nayo kitanda kimoja, nikifikiri kwamba majuma mawili ya kuanika muhogo ni ubishi wa kizee. Nilitaka kumshika mkono nimwambie ulikuwa mtoto, Bibi, ulikuwa na njaa. Lakini nilipogeuka hakuwapo, na bonde halikuwapo, na mimi nimerudi uwanjani kwetu, nimesimama nyuma ya bati langu na upawa mkononi.

Milango sita inafunguka. Inafunguka pamoja, bila mlio. Watoto wa uwanja mzima wanatoka, kila mmoja na sahani yake, wanajipanga. Nawajua wote, nimewafunga wengine nepi. Mkono wangu unachota na kupakua, unachota na kupakua. Siuamuru mimi. Kila mtoto anashukuru kwa adabu, "Ahsante, Mama Bati," anageuka aende zake, na akigeuka naona visigino vimepanda juu. Anakwenda kwa ncha za vidole. Magoti yanagongana. Mmoja, wa pili, wa tatu, uwanja ukajaa watoto wanaotembea namna ile, na hakuna anayelalamika. Ule ukimya wao ulinitisha kuliko kilio.

Mwisho wa mstari nikamwona Hamisi wangu, na nyuma yake Bibi Tatu amesimama wima. Kwa mara ya kwanza namwona amesimama bila kuegemea kitu. Fimbo zake mbili amezinyoosha mbele kwa mikono yote miwili, kama mtu anayekabidhi zawadi, na mwanangu ananyoosha mikono azipokee.

Nikautupa upawa. Nikaruka bati, nikazishika fimbo zile kabla vidole vya Hamisi havijazikamata, nikavuta. Zilikuwa na joto la mikono. Bibi Tatu hakung'ang'ania. Alinitazama kwa huruma, jinsi alivyokuwa akinitazama nilipoumia utotoni, na aliporudi nyuma nikaona kwamba hata yeye alikuwa amechoka kuzibeba.

Sauti ya Bibi Esha ikatoka nyuma ya sikio langu, karibu kabisa.

"Amka, Somoe. Wahi kabla hawajawasha moto."

Nikaamka. Adhana ya alfajiri ilikuwa inamalizika. Nilikuwa nimelowa jasho, na mkono wangu umekamata upindo wa mkeka kwa nguvu mpaka vidole vimekufa ganzi. Nikatambaa hadi alipolala Hamisi, nikamfinya unyayo. Akauvuta mguu, akaguna. Nikamfinya wa pili. Akauvuta. "Mama, acha bwana," akasema usingizini, nami nikamshukuru Mungu kwa ufidhuli ule.

Jikoni Shufaa alikuwa ameshainjika sufuria ya uji. Niliiepua kwa kanga nikaimwaga nje, yote, pale pale mlangoni. Kisha nikachukua debe la unga, unga wa wiki nzima, nikaufuatisha. Kumwaga chakula mwaka ule ilikuwa kama kumwaga damu. Shufaa alinitazama kana kwamba nimepagawa.

"Mama! Tutakula nini?"

"Sijui, mwanangu. Huu hatuli."

Nikatoka hivyo hivyo, kichwa wazi, pekupeku. Niseme ukweli, miguu ilisita. Jina la Mama Bati lilikuwa limenipa heshima uwanja mzima, na sasa nilikuwa nakwenda kulibomoa kwa mdomo wangu, tena kwa hoja ya ndoto. Nikabisha mlango wa kwanza, nikamwambia mwenye nyumba asipike ule unga, nimekosea, nitamweleza baadaye. Akaniuliza kama naumwa. Mlango wa pili wakanicheka. Moshi ulikuwa umeshaanza kupanda kwa Mama Bakari.

Nilimkuta amechuchumaa mlangoni anapepea jiko, uji unachemka. Alifurahi kuniona.

"Karibu, Mama Bati. Umekuja kuonja?"

"Epua, dada yangu. Epua huo uji usimpe mtoto."

"Kuna nini?"

"Unga haujaanikwa vya kutosha. Nimewafundisha vibaya. Una sumu."

Akacheka. "Sumu? Mwezi wa pili huu tunaula. Nani kakwambia?"

"Bibi yangu. Usiku huu."

"Yule marehemu?" Akanitazama, kicheko kikapungua lakini hakikuisha. "Somoe, mimi ndani sina kitu kingine. Unataka nimlishe mwanangu ndoto zako?"

Basi nikalazimika kusema. Siri ambayo Bibi Esha aliificha tangu usichana wake mpaka kaburini, mimi niliitoa alfajiri ile mbele ya jiko la mkaa, kwa mtu asiye hata wa ukoo wetu. Nikamwambia juu ya uchanja mtupu, na kinu, na tonge alilompulizia mdogo wake. Nikamwambia kwamba hakukuwa na jini. Nikamwambia mtoto aliamka asubuhi moja na miguu haikuwa yake, na hakuwahi kusimama sawa tena. Nilimwomba Bibi anisamehe huku nasema, ingawa najua ndiye aliyenituma.

Mama Bakari alisikiliza mpaka mwisho. Upepeo ulikuwa umemwanguka na hakuuokota. Rangi ya uso wake ilibadilika polepole, na niliona kwamba kuna jambo alilokuwa nalo tangu jana, jambo dogo alilokuwa amelipuuza kama mimi nilivyopuuza kutapika kwa Hamisi.

"Jana alirudi mapema kutoka kucheza," akasema. "Akaniambia amechoka magoti. Nikamwambia asilete uvivu."

Uji ukafurika, ukamwagikia makaa, na sisi wote wawili tukauacha. Akageuza uso kuelekea ndani, kwenye giza la chumba, akaita kwa sauti ya kawaida, sauti ya kila asubuhi, lakini nilimwona ameshika fremu ya mlango.

"Bakari! Amka baba. Njoo umwamkie Mama Shufaa."

Tukasikia kitanda kikilia. Tukasikia akijigeuza. Tukangoja vishindo vya miguu sakafuni.

"Mama," mtoto akaita, "njoo wewe. Mimi nimejaribu kunyanyuka, siwezi."